Edward Saidi Tingatinga na Kazi ya Miaka Minne

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike, katika toleo la muhula huu, maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha fariki zamani, ambaye wanafunzi wanaweza kujifunza jambo kwake. Watu mashuhuri ni wengi, na wengi wao wamekwisha andikwa katika vitabu vya historia: wafalme, majemadari na viongozi wa siasa. Mimi nimemchagua mtu aliyekuwa kibarua wa mashamba ya mkonge, kisha mtumishi wa nyumbani, kisha mhudumu wa hospitali. Jina lake ni Edward Saidi Tingatinga. Nimemchagua kwa sababu wanafunzi wengi hapa Murukulazo huniambia maneno mawili. La kwanza, kwamba kuchora ni kazi ya shule zenye vifaa. La pili, kwamba habari za mstari, umbo, rangi na mizani, tunazozisoma katika somo la sanaa, ni mambo ya kigeni yasiyotuhusu. Maisha ya mtu huyu yanayajibu maneno yote mawili.

Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, ambacho siku hizi huitwa Nakapanya, wilaya ya Tunduru. Mtu akiitazama ramani ya nchi yetu, ataona kwamba Ngara iko pembeni kabisa kaskazini-magharibi, na Tunduru iko upande wa kusini, ikipakana na Msumbiji. Ni nchi ya Wayao, Wamakua na Wangindo, wakulima na wawindaji, waliokaa karibu sana na wanyama wa porini. Jina lake lina Edward la Kikristo na Saidi la Kiislamu, yote mawili pamoja, kama ilivyo katika jamaa nyingi za huko. Alikulia katika umaskini. Shule alisoma kidogo tu, na somo la kuchora hakulipata kwa mwalimu yeyote.

Katika miaka ya 1950 vijana wengi wa kusini waliacha kwao wakaenda kutafuta fedha, kama vile wazee wetu wengi wa Ngara na Biharamulo walivyokwenda Buganda kulima mashamba ya watu. Tingatinga naye aliondoka akaenda Tanga. Siku zile Tanganyika ilikuwa inatoa mkonge mwingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na mashamba ya Tanga yalikuwa yanataka mikono mingi. Alifanya kazi huko kwa muda, na mwishoni mwa miaka hiyo akahamia Dar es Salaam. Huko alipata kazi ya nyumbani na ya bustani kwa Mzungu. Uhuru ulipokuja mwaka 1961, Wazungu wengi wa serikali walirudi kwao, na watumishi wao wakabaki kutafuta njia nyingine ya kuishi. Tingatinga akawa mtu wa kazi yoyote inayopatikana. Alikaa Msasani, ambako siku zile palikuwa kijiji cha wavuvi na watu wa kazi ndogo ndogo, jirani na nyumba kubwa za Oyster Bay.

Mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 36, ndipo alipoanza kuchora. Watu wamebishana sana juu ya chanzo chake. Wengine husema aliona picha za rangi zilizoletwa na wachoraji kutoka Kongo, zikiuzwa mitaani Dar es Salaam, akajisemea kwamba na yeye anaweza. Wengine husema alikuwa amebeba tangu utotoni kumbukumbu ya michoro ya kuta za nyumba za kusini. Mimi naona si lazima tuchague moja na kuikataa ya pili. Mtu mwenye macho huokota popote.

Sasa tutazame vifaa vyake, kwa maana hapo ndipo penye mafunzo makubwa. Turubai ya wachoraji hakuwa nayo, wala rangi zile za mirija zinazouzwa ghali. Alichukua hadibodi, yaani ule ubao mwembamba uliokuwa ukipigiliwa darini, upande mmoja laini na upande mwingine wenye mparuzo. Ubao mzima wa futi 4 kwa futi 8 ukikatwa vizuri hutoa vipande 8 vya mraba, kila kimoja futi 2 kwa futi 2, na hakuna kinachotupwa. Hicho ndicho kipimo cha nyingi ya picha zake. Rangi aliyotumia ni ile ya mafuta ya kopo, inayopakwa milango na baiskeli. Rangi hiyo inang'aa, inakauka ikawa ngumu, na haichanganyiki kwa urahisi ikawa na vivuli vingi kama zile za wasanii. Anayeitumia hana budi kuamua: hapa nyekundu, hapa njano, hapa nyeusi, na mpaka kati yake uonekane wazi.

Walimu wa sanaa hufundisha kwamba picha yoyote ina viungo vyake, kama mchuzi ulivyo na viungo. Viungo hivyo ni mstari, umbo, rangi, mwanga na giza, nafasi, na hali ya uso, yaani ulaini au mparuzo. Tena hufundisha kwamba kuwa na viungo si kupika. Ziko kanuni za kuvipanga: mizani, ili upande mmoja usiulemee mwingine, uwiano, ili vipimo vikubaliane, mkazo, ili jicho lijue mahali pa kwenda kwanza, marudio na mdundo, ili jicho litembee, na umoja, ili vyote viwe kitu kimoja. Mwanafunzi akiyasikia haya darasani huyaandika daftarini, akayakariri kwa ajili ya mtihani, akayasahau. Basi na ayatazame katika picha ya Tingatinga.

Alipenda kuchora mnyama mmoja tu: chui, simba, nyati, tembo, fisi, au ndege. Tumchukue chui. Kwanza, uwanja wote wa nyuma hupakwa rangi moja tupu. Hakuna mlima, hakuna nyumba, hakuna mawingu. Hiyo ndiyo nafasi, na kwa sababu ni tupu, yule chui anatoka mbele kama mtu aliyesimama mlangoni. Pili, chui ni mkubwa, anaujaza ubao karibu toka ukingo mpaka ukingo, na mkia wake umepindwa ili usikatwe na ukingo. Huo ndio uwiano, na mstari wa mkia hulijaza pembe ambalo lingebaki tupu, na hivyo kuweka mizani. Tatu, mwili wake tunauona kwa ubavu, lakini uso umegeuka kututazama, macho yote mawili. Mnyama wa kweli hawezi kusimama hivyo kwa raha. Lakini mchoraji alitaka jicho letu likutane na jicho la chui kabla ya kitu kingine. Huo ndio mkazo. Nne, madoa ya ngozi hayakutawanywa ovyo. Yamepangwa moja baada ya moja, yakifuata bega, mgongo na paja, makubwa na madogo kwa zamu, kama mapigo ya ngoma. Hayo ndiyo marudio na mdundo. Mwisho, chini huweka majani machache au nyasi, na rangi ile ile ya nyasi huonekana tena mahali pengine katika picha. Huo ndio umoja.

Sidai kwamba Tingatinga aliyajua majina haya. Nadai kwamba aliyajua mambo yenyewe. Mtu anaweza kujua kujenga nyumba imara asijue jina la pembe mraba.

Wala wa kusini peke yao hawakuwa na ujuzi huu. Hapa kwetu tukitupa macho ng'ambo ya mto Kagera, tunaiona nchi ya Gisaka, ambayo zamani ilikuwa na mfalme wake mwenyewe kabla haijatwaliwa na wafalme wa Rwanda katika karne ya 19. Mapokeo ya huko husema kwamba mwana wa mfalme Kimenyi, aliyeitwa Kakira, ndiye aliyeanzisha ufundi wa kupamba kuta za ndani ya nyumba. Wanawake waliuendeleza. Walichanganya samadi ya ng'ombe na majivu, wakaiumba ukutani kuwa matuta membamba, wakaiacha ikauke, wakailainisha, kisha wakaipaka rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu zilizotoka katika mimea na udongo. Michoro hiyo huitwa imigongo, neno lile lile la Kiswahili migongo, kwa sababu ya matuta yake. Humo hamna chui wala binadamu. Mna mistari ya kukunjana, pembe tatu, msonge na mizunguko, inayorudiwa kwa hesabu isiyokosea. Mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 nusura yaufute ufundi huo. Wengi wa nchi hiyo walivuka daraja la Rusumo wakaja Ngara wakiwa wakimbizi. Lakini wanawake waliobaki na waliorudi waliushika tena. Basi, aliye na bibi aliyesuka kikapu chenye mistari miwili ya rangi asiseme kwamba mdundo na mizani ni vitu vya kigeni. Ni majina tu ndiyo mapya kwake.

Narudi kwa Tingatinga. Picha zake za kwanza ziliuzwa kwa shilingi chache karibu na maduka yaliyoitwa Morogoro Stores, Oyster Bay, mahali walipopita Wazungu na watu wa balozi kununua mahitaji yao. Mkewe, Agatha Mataka, alikaa huko na picha akiuza, na mume akabaki nyumbani akichora. Hapa nawaomba wazazi watazame vizuri. Kazi hii haikuwa ya mtu mmoja. Mwenye kuchora bila mwenye kuuza hujaza chumba tu. Baadaye shirika la serikali lililoshughulika na sanaa lilianza kununua picha zake, na hapo ndipo jina lake lilipoanza kutajwa. Hata hivyo hakuitegemea kalamu ya rangi peke yake. Alipata kazi ya mhudumu wa wagonjwa katika hospitali ya Muhimbili, akafanya kazi mchana na kuchora katika saa zilizobaki.

Picha zilipotakiwa kuliko alivyoweza kuchora, aliwakusanya ndugu na vijana wa kwao, akawafundisha. Miongoni mwao walikuwa Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Kasper Tedo, Omari Amonde na Simon Mpata, ambaye baadaye alihamia Kenya na kupata jina huko. Mafunzo yenyewe yalikuwa ya vitendo. Mwanafunzi alianza kwa kupaka uwanja wa nyuma, akaendelea kwa madoa na majani, na mwisho akaachiwa mnyama. Nani atasema hiyo si shule?

Mwaka 1972 kazi hiyo ilikatika ghafla. Usiku mmoja Tingatinga alikuwa ndani ya motokaa pamoja na wenzake katika jiji la Dar es Salaam. Polisi waliokuwa wakiwafuatia wezi waliidhania motokaa hiyo kuwa ndiyo ya wezi, wakafyatua risasi, na risasi ikampata. Alikuwa na miaka 40 tu. Tukihesabu toka mwaka 1968, tutaona kwamba uchoraji wake wote ulidumu miaka minne, ambayo ni sawa na muda anaokaa mwanafunzi katika shule ya sekondari toka kidato cha kwanza mpaka cha nne. Naomba kila mwanafunzi aifikiri hesabu hiyo.

Wanafunzi wake hawakutawanyika. Waliendelea kuchora pale pale karibu na Morogoro Stores, wakaupa mtindo wao jina la mwalimu wao, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika cha wachoraji wa Tingatinga. Mtindo wenyewe ulibadilika. Uwanja uliokuwa mtupu ulijazwa miti, ndege, vijiji, hospitali na masoko, hata ubao ukakosa nafasi ya kuweka kidole. Wanyama wakawa wengi, wakicheka na kucheza. Mwaka 2010 ulianza kuonyeshwa katika televisheni ya Uingereza mchezo wa katuni za watoto, uliotengenezwa Nairobi, wenye jina la Tinga Tinga Tales na picha za mtindo huo. Jina la mtu mmoja wa Namochelia limekuwa jina la sanaa, kama vile jina la mto linavyokuwa jina la nchi.

Ziko lawama pia, na haifai kuzificha. Wako wanaosema kwamba hii si sanaa bali ni biashara ya kuuzia watalii, kwamba picha nyingi zinanakiliwa moja kwa nyingine, na kwamba mchoraji wa kweli ni aliyesoma. Hao humtaja Sam Joseph Ntiro, mtu wa Kilimanjaro aliyezaliwa mwaka 1923, akasoma Makerere, kisha London, na baada ya uhuru akawa balozi wetu Uingereza. Ni kweli kwamba Ntiro alikuwa mchoraji mkubwa. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, imo katika jumba kubwa la sanaa mpya huko New York, na sisi watu wa nchi ya ndizi tunaijua habari hiyo bila kuelezwa. Lakini mimi sioni kwamba heshima ya mmoja inapunguza ya mwenzake. Ntiro alizipata kanuni shuleni, akazitumia kusema habari za kwao. Tingatinga alizipata kazini, kwa kulazimishwa na ubao wa mraba na makopo machache ya rangi. Wote wawili walifika mahali pamoja: walijua nini kiwekwe na nini kiachwe.

Kuhusu kunakili, lawama hiyo ina haki yake. Aliyejifunza kuchora chui wa Tingatinga, akamchora mara mia bila kubadili doa, amejifunza mkono lakini hajajifunza jicho. Tingatinga mwenyewe alichora alichokijua, kwa kipimo alichoweza kukipata, kwa rangi aliyoweza kuinunua. Anayetaka kumfuata na afanye vivyo hivyo kwa kwao. Hapa kwetu tuna ng'ombe wenye pembe ndefu, tuna migomba, tuna mabonde na vilima, tuna mitumbwi ya Ruvubu na Kagera. Mbona katika madaftari ya wanafunzi wetu naona twiga na minazi, miti ambayo wengi wao hawajapata kuiona?

Iko lawama moja zaidi ambayo ni nzito kuliko zote. Picha alizoziuza kwa shilingi chache leo zinatafutwa na wakusanyaji wa Ulaya na Japani, na zinauzwa kwa fedha nyingi sana. Yeye hakuziona fedha hizo. Basi ujuzi wa kuchora hautoshi bila ujuzi wa kutunza jina na kazi. Tingatinga aliandika jina lake katika picha zake, E. S. Tingatinga, kwa herufi zinazosomeka. Kwa sababu hiyo leo zaweza kutambuliwa kati ya maelfu ya zile zilizofuata. Kila mwanafunzi anayechora, anayesuka au anayechonga ajifunze kuandika jina lake na mwaka chini ya kazi yake, na asiitoe bila kujua thamani yake.

Sasa nimalizie na jambo la kufanya, kwa maana maisha ya mtu yakisomwa bila kufuatwa na kazi ni hadithi tu. Katika muhula ujao nitawataka wanafunzi wa somo la sanaa wasilete visingizio vya rangi. Mkaa upo jikoni, udongo mwekundu upo njiani, udongo mweupe upo bondeni, na maboksi matupu yapo madukani. Kila mmoja akate kipande cha mraba, achague kitu kimoja anachokijua vizuri, akiweke katika uwanja wa rangi moja, na atumie rangi tatu, zisizidi. Kabla ya kuanza, ajiulize: jicho litafika wapi kwanza, na litatoka hapo liende wapi? Wazazi nao wanaombwa wasiwafukuze watoto wanapookota mkaa. Walimu wenzangu wa masomo mengine wanakaribishwa kuja kutazama kazi hizo zitakapotundikwa ukumbini, na kusema bila kuona haya ni picha ipi iliyowasimamisha, na kwa nini.